Kiwanda Kidogo cha Mvinyo na Faida ya Kuwa Karibu

Kiwanda kidogo cha mvinyo kinachoendeshwa na familia hakiwezi kushindana na kiwanda kikubwa kwa mitambo, kwa mtaji wala kwa bei. Chupa na vizibo tunavinunua kwa idadi ndogo, kwa hiyo tunavipata kwa bei ya juu. Mapipa tunayaongeza kwa kujinyima. Na mashine ambayo mkubwa mwenzetu huitumia kwa muda mrefu, kwetu hufanya kazi wiki chache kisha ikakaa chini ya turubai miezi yote iliyobaki. Faida tuliyo nayo ni kwamba mwenye mvinyo ndiye anayesimama kando ya tangi, ndiye anayeunusa asubuhi na jioni, na akigundua kasoro hana haja ya kumwandikia mtu ripoti ndipo hatua ichukuliwe. Baada ya misimu mingi ya kazi hii, karibu kila uamuzi, kuanzia idadi ya safu za mizabibu hadi aina ya wanunuzi tunaowakubali, naupima kwa kuuliza kama utatuacha karibu na mvinyo au utatusogeza mbali nao.

Ukaribu huo huanza shambani, majuma ya mwisho kabla ya mavuno. Tunachuma punje moja moja kutoka vichala vya pande zote mbili za safu, vya juani na vya kivulini, vya juu na vya chini, tunazikamua pamoja na kuipima juisi yake. Kipimo cha Brix, ambacho kimebeba jina la mwanasayansi Mjerumani wa karne ya 19, Adolf Brix, hueleza takribani ni gramu ngapi za sukari zilizomo katika kila gramu 100 za juisi. Hamira huhitaji karibu gramu 17 za sukari katika lita moja ili kuzalisha asilimia moja ya alkoholi, na ndiyo maana juisi ya nyuzi 22 hadi 24 za Brix huishia kuwa mvinyo wa asilimia 12 hadi 14 hivi. Hata hivyo sukari peke yake hupotosha. Jua kali likipiga mfululizo, punje hupoteza maji na sukari hupanda kwenye kipimo ilhali mbegu bado ni za kijani na maganda yana ukali unaokwaruza ulimi. Kwa hiyo dada yangu, ambaye ndiye mwenye kauli ya mwisho shambani, hupita akitafuna. Huitema nyama ya zabibu, huibakiza mbegu na kuivunja kwa meno: ikiwa ya kahawia na ikavunjika kama njugu iliyokaangwa, basi safu ile iko tayari, ikiwa inanatanata na chungu, tunasubiri, hata kama kipimo kimeshatoa ruhusa.

Kiwanda kikubwa kina ratiba ya malori na ya watu, na zabibu hulazimika kuifuata. Sisi tunaweza kuchuma kipande cha chini ya mteremko leo na kuacha cha juu hadi juma lijalo, na tofauti hiyo huonekana waziwazi katika glasi. Tunachuma alfajiri, wakati zabibu bado ni za baridi, kwa sababu punje yenye joto huanza kuchachuka ovyo ndani ya kreti na hupoteza harufu zake nyepesi kabla haijafika mezani. Mezani ndipo vichala vinapochambuliwa kwa mkono. Kichala kilichooza hakiokolewi, kwa kuwa ukungu wa kijivu huacha ndani ya juisi kimeng'enya kinachoharibu rangi ya mvinyo mwekundu, na dozi ya kawaida ya salfa, ile kinga inayotiwa kwenye mvinyo dhidi ya vijidudu, hushindwa kukizuia.

Wanaotaka kuanza kazi hii ningewashauri wafanye kwanza hesabu ya muda. Mzabibu hautoi mavuno ya maana kabla ya mwaka wa tatu, na mvinyo mwekundu wa kuzeeshwa hukaa pipani mwaka mmoja au zaidi kabla ya kutiwa kwenye chupa na kupumzishwa tena, kwa hiyo fedha inayozikwa ardhini leo hurudi mwaka wa tano au wa sita ikiwa mambo yamekwenda vizuri. Hata mche wenyewe hauwi rahisi, kwa sababu sehemu nyingi hupandwa mche uliopandikizwa juu ya shina la mizabibu ya asili ya Marekani. Sababu yake ni mdudu filoksera, anayefyonza mizizi, aliyevuka bahari kutoka Marekani na kuangamiza mashamba ya Ufaransa katika nusu ya pili ya karne ya 19. Mtaalamu wa mimea Jules Émile Planchon na wenzake walimtambua mwaka 1868. Dawa ya kummaliza haikupatikana. Kilichopatikana ni mizizi inayomvumilia, na wakulima wa mizabibu duniani bado wanailipia hadi leo.

Zabibu zikishapondwa, kazi inahamia kwa hamira. Mpaka katikati ya karne ya 19 wanasayansi wakubwa walikuwa wakibishana iwapo kuchachuka ni tukio la kikemia tu, hadi Louis Pasteur alipoonyesha kwamba ni kazi ya viumbe hai, na kwamba mvinyo unaoharibika una viumbe vingine vilivyojipenyeza. Ubishi uliobaki miongoni mwetu wazalishaji wadogo unahusu hamira ya kununua na ile inayotoka shambani. Wapo wanaoamini kwamba mvinyo wa kutengenezwa kwa mkono ni lazima uchachuke wenyewe. Mimi sina imani hiyo. Juu ya maganda ya zabibu, hamira iitwayo Saccharomyces cerevisiae, ile inayoweza kuifikisha kazi mwisho, ni chache sana. Spishi zinazotangulia kwa wingi huchoka alkoholi inapokaribia asilimia nne au tano, na katika pengo hilo bakteria wa siki hupata nafasi. Tangi moja dogo tunaliacha lijiendee, kwa sababu linatupa ladha pana zaidi tunazozipenda katika mchanganyiko wa mwisho, lakini matangi yanayolipa mishahara tunayatia hamira tuliyoichagua. Familia isiyo na akiba ya kupoteza tangi zima haina sababu ya kufanya bahati nasibu ili isifiwe na wageni.

Kwa mvinyo mwekundu, hewa inayotoka huyainua maganda hadi juu, na baada ya saa chache yanakuwa tabaka zito linaloweza kubeba mkono wa mtu. Chini ya tabaka hilo juisi inaweza kuwa na nyuzi joto 25 ilhali ndani ya maganda kipimajoto kinasoma nyuzi kadhaa zaidi. Zikivuka 35, hamira zinaanza kufa na sukari inabaki njiani. Ndiyo maana tunalivunja mara mbili au tatu kwa siku kwa rungu la mbao lenye kichwa bapa, tukianzia ukingoni, tukilisukuma taratibu mpaka juisi ya zambarau ipande na kuyafunika maganda tena. Siku za mwanzo rungu huzama kwa shida na povu hupanda likiwa na harufu ya matunda mabichi. Katikati ya kazi tabaka linalegea, povu linakuwa jekundu lililokolea, na harufu hugeuka kuwa ya kitu kilichoiva mno. Kuelekea mwisho maganda yanaanza kuzama yenyewe, na anayeshika rungu hujua kwa mikono yake kabla haidromita, kifaa kinachoelea ndani ya juisi kuonyesha sukari iliyobaki, haijamwambia. Haidromita yenyewe huanza na kipimo cha karibu 1.090 au zaidi na kuishia chini ya 1.000, nasi huitikisa sampuli kwanza, kwa sababu viputo vya hewa vikiishikilia haidromita huiinua na kutoa jibu la uongo.

Hapo ndipo ukaribu unapolipa kuliko mahali popote. Hamira zikikosa lishe ya nitrojeni, hutoa hewa yenye harufu ya yai bovu. Ikigunduliwa asubuhi ya kwanza, lishe kidogo na kuupitisha mvinyo hewani, kwa kuutoa chini ya tangi na kuurudisha juu ukimwagika, mara nyingi hutosha kuiondoa kabla ya jioni. Ikiachwa majuma kadhaa, harufu ile hujifunga ndani ya misombo mingine inayokumbusha kitunguu na mpira ulioungua, na kuiondoa huko ni kazi ya kutumia shaba na ya kubahatisha, inayochukua pamoja nayo sehemu ya harufu nzuri. Mtambo ghali haunusi, na meneja anayesimamia matangi mia moja hawezi kuyanusa yote.

Kuwa karibu, hata hivyo, kuna hatari ambayo haivumilii mzaha. Lita moja ya juisi ikichachuka hutoa zaidi ya lita 40 za hewa ukaa, nayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haina rangi wala harufu, na hutuama sakafuni na ndani ya matangi hata baada ya mvinyo kutolewa. Watu hufa kwa kuingia kusafisha tangi lililoonekana tupu, na mara nyingi anayefuata kufa ni ndugu aliyeingia kumwokoa wa kwanza. Kwetu hakuna anayeingiza kichwa ndani ya tangi bila kifaa cha kupima hewa na bila mtu wa pili kusimama nje, na feni hubaki zikifanya kazi msimu wote. Desturi ya kutumia mshumaa haitoshi, kwa kuwa hewa ukaa huanza kumdhuru mtu wakati mwali bado unawaka.

Anayetaka kuijua kazi hii kwa undani aulize ni lita ngapi za maji zinazotumika kwa kila lita ya mvinyo. Ni nyingi, kwa sababu sehemu kubwa ya siku ni kuosha: kuosha kabla, kuosha baada, na kuosha tena kwa sababu mpira wa kupitishia mvinyo ulilala chini. Dawa ya kufulia yenye klorini imepigwa marufuku katika jengo letu, hata kwa kudekia sakafu au kufulia matambara. Klorini ikikutana na mbao, ukungu na unyevu huanzisha msombo uitwao TCA, ambao watafiti wa Uswisi waliutambua mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuwa chanzo kikuu cha harufu ya karatasi iliyolowa inayolaumiwa kwa vizibo. Nanogramu chache katika lita moja zinatosha kuuua mvinyo, na msombo huo ukishaingia kwenye boriti za paa na kwenye mapipa, hautoki kwa kuoshwa. Tunatumia maji ya moto, mvuke, na mchanganyiko wa asidi ya sitriki na salfa, na mfanyakazi mpya wa msimu huambiwa jambo hilo hata kabla hajaonyeshwa choo kilipo.

Wageni huuliza pia kama tunatia kemikali, nao humaanisha salfa. Ndiyo, tunatia, na hata mvinyo usiotiwa huwa nayo kidogo kwa kuwa hamira zenyewe huizalisha. Ndiyo sababu nchi nyingi hudai itajwe kwenye lebo ikifika miligramu 10 kwa lita. Jambo la kuangalia zaidi ni kiasi, na kiasi hutegemea pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi, ambacho namba yake hupanda asidi inapopungua. Ili kupata kinga ileile dhidi ya vijidudu, mvinyo wenye pH ya 3.2 unahitaji kama miligramu 21 za salfa huru, yaani isiyojifunga na vitu vingine, katika lita, wa 3.5 unahitaji karibu 40, na wa 3.8 unahitaji karibu 80. Anayechuma zabibu zilizoiva kupita kiasi, zilizopoteza asidi, hulazimika ama kutia salfa nyingi ama kukubali hatari, na anayejisifu kwamba hapimi kitu kwa kuwa mvinyo wake ni wa asili anamwachia mnunuzi hatari hiyo bila kumwambia. Kwa maoni yangu mzalishaji mdogo ana wajibu mkubwa zaidi wa kupima, kwa sababu hana matangi mengine ya kufichia kosa.

Pipa la kawaida la mwaloni hubeba lita 225, yaani chupa 300 kamili. Kila mwezi pipa hupoteza kiasi kupitia mbao, na nafasi inayobaki juu hujaa hewa, ambayo ndiyo bakteria wa siki wanaihitaji. Kwa hiyo mapipa hujazwa mara kwa mara hadi mdomoni, kwa mvinyo uliohifadhiwa katika madumu ya kioo kwa shughuli hiyo, na kazi hiyo hairukwi hata familia ikiwa na harusi. Wakati huo huo bakteria wengine, hawa wa manufaa, huibadilisha asidi ya maliki, iliyo kali kama ya tofaa bichi, kuwa asidi ya laktiki iliyo laini. Huwa tunaegemeza sikio kwenye tundu la pipa kusikiliza mchemko wao mdogo, kisha maabara hututhibitishia. Pipa jipya hutoa ladha nyingi msimu wa kwanza, na kufikia msimu wa nne huwa ni chombo tu. Mapipa madogo ya lita 30 au 50 huwavutia wengi wanaoanza, lakini humo mvinyo hugusana na mbao nyingi mno kwa ujazo wake, na mara nyingi hushika ladha ya mbao kabla haujapata muda wa kukomaa.

Uamuzi wa mchanganyiko ndio unaoijaribu familia. Mezani huwekwa silinda ya kupimia, glasi na sampuli za kila pipa, na tunajaribu viwango vya mvinyo wa aina mbili za zabibu: Cabernet Sauvignon asilimia 80 na Merlot 20, kisha 75 kwa 25, kisha tunaongeza asilimia tano ya lile tangi lililojichachusha lenyewe, na asilimia hizo tano mara nyingine hubadilisha kila kitu. Shida haiko kwenye ulimi. Katika familia, mkubwa akishasema, wadogo hunyamaza kwa heshima, na ukimya wao huhesabiwa kuwa ni kukubali. Kwa hiyo tuliweka utaratibu kwamba glasi zina namba tu, kila mtu anaonja kimya na kuandika, na karatasi zinasomwa na shemeji yangu, anayeshika vitabu vya hesabu na ambaye hana pipa analolipendelea. Mama, mwenye pua kali kutushinda sote, aliupinga utaratibu huo akiona ni kukosewa adabu, hadi alipoona kwamba namba aliyoiandika yeye na aliyoiandika mdogo wetu wa mwisho zilikuwa moja. Siku hizi ndiye wa kwanza kumkemea anayekunja uso kabla ya wengine kumaliza kuandika.

Jambo jingine ambalo familia hulikwepa ni mshahara. Ndugu anayefanya kazi bila malipo yaliyoandikwa hujilipa kwa njia nyingine, kwa chupa za kugawa au kwa manung'uniko, na vyote hivyo vina gharama. Kila anayefanya kazi hapa hulipwa kwa saa zake, na hisa za shamba ni daftari tofauti. Katika nchi nyingi serikali hudai hesabu ya kila lita ya pombe kwa ajili ya ushuru, pamoja na iliyopotea pipani na iliyoonjwa, kwa hiyo nidhamu ya daftari ingekuja tu. Tumeona heri iwafikie na watu.

Kila baada ya muda hutokea mnunuzi mkubwa anayetaka mvinyo wetu wote, kwa punguzo, na ahadi ya kuongeza oda mwaka unaofuata. Hesabu yake huvutia ukiisoma haraka. Lakini kuitimiza kungetulazimu kununua zabibu za watu ambao mashamba yao hatujawahi kuyakanyaga, kuajiri msimamizi, na kuacha kuwauzia wanaokuja wenyewe, ambao ndio wanaotuachia faida kubwa zaidi kwa kila chupa kwa kuwa hakuna wa katikati. Mara zote tumejibu hapana, na sikatai kwamba kuna miaka ambayo jibu hilo lilitubana sana. Kipimo chetu ni idadi ya mapipa ambayo mtu mmoja anaweza kuyafungua, kuyanusa, kuyaonja na kuyajaza kwa siku moja. Tulipoizidi idadi hiyo, ukaguzi ulianza kuruka mapipa ya nyuma, tukayapunguza.

Siku ya kutia kwenye chupa hatukubali mgeni wala simu. Kabla yake, maabara huwa imethibitisha kwamba hakuna sukari wala asidi ya maliki iliyobaki, kwa sababu chochote kitakachoanza kuchachuka ndani ya chupa kitasukuma kizibo au kuacha mapovu yasiyotakiwa. Mvinyo mweupe wenye utamu, ambao sukari yake huachwa makusudi, hupitishwa kwenye kichujio cha maikroni 0.45, ambacho huzuia hamira na karibu bakteria wote. Baada ya kuzibwa, chupa husimama wima kwa muda ili shinikizo la hewa chini ya kizibo lishuke, ndipo hulazwa, na hatuziuzi mara moja kwa kuwa mvinyo uliotikiswa hufunga harufu yake kwa majuma kadhaa. Kila toleo lina namba yake chini ya lebo, na kila toleo tunaliwekea chupa kadhaa ambazo haziuzwi hata kwa rafiki. Mteja akipiga simu kulalamika, tunamwomba atusomee namba hiyo, tunafungua mwenzake wa chupa yake siku hiyohiyo, na tunamrudia kwa simu tukiwa tumeshauonja.